Tunanunua maji kwa bei ya kuni

Lori la tani kumi linaloteremka kutoka Gatanga likiwa limejaa magogo ya mkaratusi yaliyokatwa juzi, likielekea boila ya kiwanda mjini Thika au jikoni mwa shule ya bweni upande wa Ruiru, huwa limebeba tani tano hivi za kuni na tani tano za maji. Mti uliotoka kukatwa ndivyo ulivyo: karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mizani haibagui, na mnunuzi hulipia yote kwa bei moja. Kisha hulipa mara ya pili, safari hii bila risiti, kwa sababu maji hayo hayawezi kubaki ndani ya gogo linaloungua. Ni lazima yachemshwe hadi tone la mwisho, na kinachoyachemsha ni ile nusu nyingine ya mzigo. Maoni yangu ni kwamba hakuna kiwanda, shule wala hospitali inayopaswa kulipia kuni ambazo hazijapimwa unyevu, na kwamba bei ifuate kiasi cha kuni kavu kilichomo ndani ya mzigo. Ni pendekezo dogo, linachosha kidogo hata kulisikia, na huenda ndiyo maana halina watetezi wengi. Lakini hasara ya kulipuuza si ndogo.

Ili kuuona ukubwa wake, inafaa tuanze na jambo ambalo kila mpishi analijua hata kama hajawahi kulipa jina. Maji baridi yakiinjikwa huchukua muda fulani kuchemka. Yakiachwa juu ya moto uleule mpaka sufuria ikauke, muda unaohitajika ni mrefu mara kadhaa kuliko ule wa kwanza, ilhali kipimajoto kilichotumbukizwa humo hakipandi hata nyuzi moja tangu maji yaanze kutokota. Moto unatoa joto, maji yanalipokea, na bado hayazidi kuwa moto. Joseph Black, aliyefundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alilichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1760, akatambua kwamba joto hilo halijapotea. Limetumika kuyatoa maji katika hali ya kimiminika na kuyafanya mvuke, nalo limebaki humo humo ndani ya mvuke. Ndilo linaloitwa joto fiche. Chembe za maji hushikana kwa nguvu zaidi kuliko za vimiminika vingi tunavyovitumia, na kuziachanisha kuna gharama yake. Kilo moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Kilo hiyohiyo, ikishafika kiwango cha kuchemka, huhitaji karibu kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke.

Thika na Ruiru ziko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji huku huchemka yakiwa nyuzi 95, wala hayangoji zile 100 zilizoandikwa vitabuni. Kuyatoa kwenye nyuzi 20 hadi hapo ni kilojuli 314 kwa kila kilo. Kuyafanya mvuke ni kilojuli 2,270, yaani zaidi ya mara saba. Maji yaliyochukua dakika kumi kuchemka yatahitaji zaidi ya saa nzima kukauka kwa moto uleule. Anayedhani kwamba mwinuko unatupunguzia gharama kwa kuwa maji yetu huchemka mapema anajipa moyo bure: tunaokoa kilojuli 21 katika kupasha, halafu tunarudisha 13 kati ya hizo katika kuvukiza, kwa sababu kadiri maji yanavyochemka katika joto la chini ndivyo yanavyodai joto fiche zaidi. Nafuu inayobaki haitoshi hata kuzungumziwa.

Sasa turudi kwenye lori. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya gogo itakula kama kilojuli 2,600 kabla haijatoka: 314 za kupashwa na nyingine za kuvukizwa. Tani tano ni kilo 5,000, hivyo jumla ni kilojuli milioni 13. Kilo moja ya kuni zilizokauka kabisa hutoa takriban kilojuli 18,000 za joto linaloweza kufanya kazi. Gawanya, utapata kilo 720. Maana yake ni kwamba katika zile tani tano za kuni halisi, karibu sehemu moja kwa saba huungua kwa kazi ya kufukuza maji tu, bila kuivisha chochote wala kuendesha chochote. Lori jingine la tani kumi lenye kuni zilizokaushwa hadi unyevu wa asilimia 20 lina tani nane za kuni halisi na tani mbili za maji, na kilo 290 hivi ndizo zinazopotea kwa kuyavukiza. Ukilinganisha kinachobaki, lori la pili lina joto mara 1.8 ya lile la kwanza, na kwenye mizani yamelingana sawasawa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, tani ya kuni mbichi ni shilingi 5,000. Basi anayeuziwa tani kavu kwa 8,000 amepata bei nzuri, kwa kuwa thamani yake ni 9,000. Lakini ni mhasibu gani wa shule atakayeidhinisha 8,000 mahali ambapo mwingine anaomba 5,000?

Kinachoudhi zaidi ni kwamba joto hili hili fiche, ambalo ni hasara ndani ya gogo, ndilo linaloufanya mvuke uwe mtumishi wa kutegemewa kiwandani. Mananasi yanayotiwa mikebeni, mafuta ya kupikia yanayosafishwa, nguo zinazotiwa rangi na maziwa yanayochemshwa kuua vijidudu, vyote huhitaji joto lililofika mahali hasa, kwa kiwango hasa, bila kuunguza. Mvuke hulibeba joto hilo kupitia bomba, na unapogusa ukuta ulio baridi zaidi hurudi kuwa maji na kuachilia papo hapo zaidi ya kilojuli 2,000 kwa kila kilo, huku kiwango chenyewe cha joto kikibaki palepale. James Watt, aliyekuwa fundi wa vifaa katika chuo kilekile cha Glasgow, alipata mwaka 1765 wazo la kuupozea mvuke katika chombo cha pembeni ili silinda ya injini isipoe kila mara, na kuanzia hapo mvuke ukawa nguvu ya viwanda na baadaye ya reli, ikiwemo ile iliyofika Thika mwaka 1913. Tofauti iko kwenye njia. Mvuke wa boila hupita bombani na hulipa deni lake mahali tunapotaka. Mvuke wa gogo hupita kwenye dohani na huondoka na deni lote.

Atatokea mhandisi wa kuuliza kwa nini tusilinase joto hilo kabla halijatoka. Inawezekana; mitambo ya kuni ya Uswidi na Denmark inayopasha nyumba joto hufanya hivyo, kwa sababu maji yanayorudi kutoka majumbani huwa yamepoa kiasi cha kuweza kuutonesha mvuke wa moshi. Kiwanda kinachohitaji mvuke wa nyuzi 150 hakina mahali pa kutumia joto la chini kiasi hicho, isipokuwa pengine kupasha maji ya kuingia kwenye boila. Tena moshi wa kuni ukipozwa ndani ya dohani ya kawaida hutoa maji yenye asidi na lami ambayo hula chuma na kuziba njia. Ndiyo maana mafundi huacha moshi utoke ukiwa na joto lililopita kabisa kiwango cha kuchemka, na kila kilo ya maji iliyokuwa ndani ya kuni huenda nao.

Hadi hapa nimehesabu hasara mbili: kulipia maji kama kuni, na kuyachemsha. Ipo ya tatu, ambayo ni ngumu kuipigia hesabu lakini inaonekana kwa macho. Gogo bichi likiwekwa motoni, tazama ule upande wake uliobaki nje ya jiko. Povu jeupe hutokeza kwenye mishipa ya mti, likitokota na kupiga mluzi mwembamba, kisha matone ya rangi ya chai huanza kudondoka sakafuni. Ni maji ya ndani yanayosukumwa na mvuke wake yenyewe. Maadamu maji hayo yapo, sehemu ile ya gogo haiwezi kupita nyuzi mia moja kwa mbali, maana kila joto linaloingia huishia kuvukiza. Wakati huohuo, sehemu zilizotangulia kukauka huwa zimeanza kutoa gesi zinazowaka, na gesi hizo zinahitaji nyuzi mia kadhaa ili ziungue kikamilifu. Zikikutana na tanuru lililopozwa na mvuke haziungui. Hutoka zikiwa moshi mzito. Moshi huo ni kuni tulizozilipia, tukazisafirisha, tukazipasua, halafu tukazirusha hewani zikiwa hazijatumika. Wapishi wanaofanya kazi mbele ya majiko hayo huuvuta vifuani mwao, na majirani hupata uliobaki.

Mtu makini anaweza kunikabili kwa hesabu zangu mwenyewe. Atasema: chukua mti uleule mmoja, ukauke au usikauke, kuni halisi zilizomo ni zilezile. Ukiukausha kutoka asilimia 50 hadi 20, unachookoa katika kuvukiza ni kama kilo 540 katika kila tani tano, asilimia 11 hivi. Ile tofauti ya mara 1.8 ni ya mizani tu, na haijaongeza joto lolote duniani. Pingamizi hili ni la haki, na mtu yeyote anayetetea kuni kavu bila kulijibu anatia chumvi. Jibu langu ni kwamba asilimia 11 ni kiwango cha chini, kwa kuwa haihesabu gesi zilizotoka bila kuungua wala maji yaliyosafirishwa kwa dizeli kutoka shambani. Hata tukiacha hayo, asilimia 11 ya kuni zote za kiwanda kinachowasha boila mchana na usiku ni miti mingi. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, marufuku yakadumu miaka mitano, na sasa tumeahidiwa kupandwa kwa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Katika nchi yenye mipango kama hiyo, kuteketeza mti mmoja kati ya kila tisa kwa kazi ya kuchemsha maji yasiyotakiwa na mtu ni upuuzi usioweza kutetewa.

Ama kuhusu ile tofauti ya mizani, hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Wapo watakaosema soko linajua tayari: kila mtu anaelewa kwamba kuni ni mbichi, na bei imeshuka kulingana na hilo, hivyo mnunuzi haibiwi. Nakubali kwamba huenda haibiwi. Anayeumia ni muuzaji anayetaka kukausha. Mkulima aliyeangusha miti yake Januari, akaipasua, akaipanga juu ya vigingi na kuiezekea mabati mpaka Juni, atafika kwenye mizani na tani sita na robo. Jirani yake aliyeangusha miti ya ukubwa uleule asubuhi hiyo hiyo, magome yakiwa bado yanadondosha maji, atafika na tani kumi. Malipo yakiwa kwa tani, wa kwanza amefanya kazi ya miezi mitano ili apoteze zaidi ya thuluthi moja ya mapato yake. Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji mtu mwenye nia mbaya ili ulete kuni mbichi. Unaziagiza wenyewe. Wanaonunua kwa ujazo, kwa kupima urefu, upana na kimo cha rundo, wana nafuu kidogo, kwani gogo likikauka halipungui sana ukubwa. Mkaushaji haadhibiwi, ingawa hapewi chochote cha ziada pia.

Wala wazo la kupima unyevu kabla ya kulipa si geni kwetu. Mkulima anayepeleka mahindi katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao anajua kwamba yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 atarudishwa nayo au yapitishwe kwenye mashine ya kukaushia kwanza. Hakuna anayeiona kuwa dhuluma. Kahawa ndiyo mfano wa karibu zaidi na wenye kuaibisha zaidi, maana Ruiru ndiyo makao ya utafiti wa kahawa nchini, mahali palipozaliwa aina ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Kila kiwanda cha chama cha ushirika katika sehemu hizi kina meza ndefu za waya ambako kahawa iliyooshwa hulazwa juani, ikageuzwa kwa mikono, ikafunikwa wakati wa mvua na usiku, hadi unyevu wake uteremke kutoka asilimia 50 na ushee kufikia 11 hivi. Wafanyakazi wanaoisimamia wanaelewa vizuri kwamba jua haligharimu kitu ilhali tanuri hugharimu. Inakuwaje basi maarifa hayo yaishie kwenye kahawa, na gogo lililokatwa kando ya meza hizo hizo, pengine mukima uliokuwa ukiipa kahawa kivuli, lipelekwe motoni likiwa na maji yake yote? Kwa bahati, baadhi ya nishati ya mimea tunayoipata humu ni kavu kwa sababu mtu mwingine alishailipia kazi ya kukausha. Maganda ya makadamia, ambayo Thika haiyakosi, hutoka kwenye njugu zilizokaushwa kabla ya kuvunjwa, na makapi ya kahawa hutoka kwenye punje zilizokwisha kauka. Boila huyapenda, na sababu si muujiza wowote wa ganda.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mwenye miti. Mkulima mdogo wa Gatundu hauzi mkaratusi kwa kuwa umekomaa; anauuza kwa kuwa karo inadaiwa Januari. Hawezi kumwambia mwalimu mkuu angoje mpaka kuni zikauke. Sheria ya kununua kuni kavu peke yake ingemfungia soko, na faida ingekwenda kwa mchuuzi mwenye uwanja na mtaji. Ndiyo maana sipendekezi marufuku ya kuni mbichi. Ninachopendekeza ni bei inayohesabu kilo za kuni kavu, iwe zimeletwa mbichi au zimekaushwa. Mwenye shida ya leo atauza leo, na atalipwa kwa kile alicho nacho. Mwenye subira, au chama cha ushirika chenye uwanja wazi, atapata ziada inayolingana na kazi yake. Katikati yao patapatikana nafasi ya biashara ya kukausha, ambayo ni kazi ya kweli kwa vijana wenye shoka na mabati. Ikiwa mchuuzi atafaidika kwa kukausha badala ya kufaidika kwa kuharakisha mzigo kabla haujapoteza uzito, sioni ubaya wake.

Kuhusu nafasi na mvua, sitakaa sana. Ni kweli viwanja vya viwanda mjini vimebanana, na Ruiru, iliyohesabiwa kuwa na karibu watu 490,000 katika sensa ya 2019, haina ardhi ya kupanga magogo. Lakini mahali pa kukaushia kuni ni shambani, kabla hazijapakiwa, ili lori lisibebe maji. Ni kweli pia kwamba ubaridi wa Julai na mawingu ya Kiambu hayakaushi kitu haraka. Kuni zilizopasuliwa, zilizoinuliwa kutoka ardhini, zenye paa juu na pande zilizo wazi kwa upepo, hukauka hata hivyo kwa miezi michache, kwa sababu kinachozikausha ni hewa inayopita pamoja na jua, wala si jua pekee. Kupasua ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka: gome huzuia maji yasitoke, na gogo zima linaweza kukaa nusu mwaka likiwa kavu nje na bichi ndani.

Kuna pia hoja ya jikoni, ambayo haistahili kudharauliwa kwa sababu inatoka kwa watu wanaoshughulika na moto kila siku. Wapishi wengi hupenda kuchanganya kuni mbichi kidogo na kavu, wakisema zile kavu tupu huwaka kwa pupa na kuisha kabla githeri haijaiva. Wanachokiona ni sahihi. Sababu ndiyo tofauti. Kuni mbichi huwaka polepole kwa kuwa sehemu ya joto lake inazimwa na maji yake yenyewe, na anayetaka moto mdogo anaweza kuupata kwa kupunguza kuni au kubana mlango wa hewa, bila kulipia mvuke. Na kuhusu githeri yenyewe, moto mkali hauiivishi haraka zaidi. Maji yakishaanza kuchemka, mahindi na maharagwe yako kwenye nyuzi 95, sufuria iwe inatokota kwa fujo au inachemka taratibu. Joto la ziada huenda lote kwenye mvuke unaopanda juu ya sufuria isiyo na kifuniko. Lita kumi zikivukizwa hivyo katika mapishi ya siku moja, ni kilojuli 22,700. Kwa jiko linalopeleka robo tu ya joto lake kwenye sufuria, hizo ni kilo tano za kuni kavu kabisa, na za mbichi ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa vile shule zinaambiwa zihamie gesi. Zihamie, na mapema. Gesi haina unyevu wa kupima na haimwachii mpishi kikohozi. Hata hivyo bado huunda maji inapoungua, kiasi cha kilo moja na nusu hivi za mvuke kwa kila kilo ya gesi, na mvuke huo nao huondoka na joto lake. Muhimu zaidi, sufuria isiyofunikwa itaendelea kuvukiza lita zilezile kumi, safari hii kwa nishati ya bei ghali zaidi. Na mpaka mtungi wa mwisho uunganishwe, kuni zitaendelea kuingia kwa malori, huku boila za viwandani zikichelewa kuliko majiko ya shule.

Kwa hiyo nani aanze? Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 tayari zinadai ukaguzi wa matumizi ya kawi, kila baada ya miaka mitatu, kwa majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya kiwango kilichowekwa cha uniti 180,000 kwa mwaka. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli inaweza kutaka ripoti ya kila mwenye boila ya kuni ieleze unyevu wa kuni zake na jinsi ulivyopimwa, na hilo halihitaji sheria mpya bungeni. Bodi za shule na serikali ya kaunti zina nguvu kubwa zaidi, nayo ni zabuni. Zabuni ikiandika "kuni kavu" na kuishia hapo imeandika matumaini, maana kila muuzaji ana ukavu wake. Iandike namba, na iandike namba hiyo ni ya nini. Vifaa vya mkononi vyenye pini mbili husoma vizuri unyevu ukiwa chini ya asilimia 30 hivi, na juu ya hapo hubahatisha. Kwa mzigo mbichi ni afadhali kukata vipande kutoka katikati ya magogo kadhaa, kwani ncha hukauka kwanza na hudanganya, kuvipima, kuvikausha katika tanuri la nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, kisha kuvipima upya. Tena vifaa vingi vya pini huhesabu maji kwa kulinganisha na uzito wa kuni kavu peke yake, wakati wahandisi wa boila huhesabu kwa uzito wa gogo zima. Gogo lililo nusu maji ni asilimia 50 kwa mhandisi na asilimia 100 kwa kifaa. Mkataba usiotaja ni hesabu gani kati ya hizo mbili utakuwa na kesi kabla lori la pili halijapakuliwa.